Lala Kwanza Chini ya Paa Uliloezeka

Nyinyi mnaopanda ngazi siku hizi na kujiita mafundi wa mapaa, kaeni kidogo nikwambieni, maana nimekasirika, na nikikasirika peke yangu presha inapanda. Nyundo nimeshaiweka chini. Magoti hayataki tena, na jicho la kushoto linaona upau mmoja kuwa mbili. Watu wa Kiuyu wananiita Mzee Kombo Mabati, kwa sababu niliezeka nyumba zao na za baba zao, na mimi nilidhani uzee wangu utakuwa wa kukaa barazani, nitazame mapaa ya watu na kusema mashaallah. Badala yake natazama mapaa yenu na kusema inna lillahi.

Mtaniambia mzee huyu ana wivu, kazi imempita. Sina wivu na mtu. Vifaa mlivyo navyo mimi sikuwahi kuviota. Mna mashine za kutobolea, mna mabati ya rangi, mna hiyo karatasi ya kung'ara inayokuja kwa mabunda, foili, ya kuzuia joto la bati lisimshukie mwenye nyumba. Enzi zangu za kuanza, dawa ya joto la bati ilikuwa ni kutoka nje. Nyinyi mmeletewa dawa mkononi, halafu mnampaka mgonjwa kwenye nguo.

Hasira hizi nimezichukua Tumbe, nyumbani kwa Bi Mize.

Bi Mize ni mjane wa Mzee Shaame, Mungu amrehemu, aliyenifundisha kazi. Kwa hiyo kwangu mimi yule ni mama, na akiniita sina ruhusa ya kusema magoti yanauma. Basi mwaka huu, kaskazi imepamba moto, akaniletea salamu kwa muuza samaki mmoja wa baiskeli anayepita kwetu: mwambie Kombo aje, nina kazi ndogo. Nikaenda na mkoba wangu wa nyundo, nikapiga hodi mbele ya nyumba kubwa aliyojengewa na mwanawe Hamad, anayefanya kazi Maskati. Nyumba nzuri sana. Bati jekundu, vigae barazani, madirisha ya vioo. Hakuitika mtu. Sauti ikatoka nyuma, kwenye jiko la makuti.

Nikazunguka. Nikamkuta Bi Mize amelala juu ya mkeka pembeni mwa mafiga, saa saba mchana, shungi limelowa maji, anajipepea na kipande cha kadibodi. Nikampa shikamoo, akaitika bila ya kuinuka. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, amechoka tu. Halafu akanieleza kazi yenyewe.

"Kombo mwanangu, n'ezekee jiko langu. Makuti mepya, ufunge vizuri. Nataka liwe zuri hata ntu aone haya kulivunja."

Nikauliza nani anataka kulivunja. Akasema Hamad. Amekuja likizo, anamuoza binti yake, wakwe watafika, na hataki waone kibanda cha makuti nyuma ya nyumba ya bati jekundu. Fundi ameshapewa kazi, jiko litavunjwa Jumamosi.

Mimi nikacheka, nikamwambia sasa mama, si utapata jiko la kisasa, meko ya gesi, unataka makuti ya nini? Akaniomba nikamletee dawa yake ya presha, iko chumbani kwake, juu ya kabati. Nikavua viatu, nikaingia ndani.

Vijana, nimefanya kazi juu ya mabati umri wangu wote. Nimewahi kuweka kiganja juu ya bati la adhuhuri na kukitoa na ngozi pungufu. Lakini joto la chumba kile lilinishika kooni. Silingi ilikuwa nyeupe, nzuri, imenakshiwa maua, na ilikuwa inatema moto kama sahani ya tambi iliyotoka jikoni. Feni inazunguka, inachota moto wa juu na kuumwaga kitandani. Nikachukua dawa, nikatoka na fulana imenigandia mgongoni. Nikaelewa jiko lile lilikuwa la nini. Bi Mize hakuwa anapika mle. Alikuwa anaishi mle.

Hapa nawaachia Bi Mize kwa muda niwaambie habari za mumewe, kwa sababu bila yeye hamtaelewa kilichonitia wazimu.

Mzee Shaame alianza na makuti. Bati lilipoingia akalifuata, kwa sababu watu walilitaka, lakini alilinung'unikia mpaka anakufa. Alikuwa na desturi moja iliyochekwa kaskazini yote. Akimaliza paa, hali chakula cha mwenye nyumba, hapokei hata kikombe cha chai. Anaomba mkeka. Anaingia nao chumba cha ndani kabisa, jua likiwa la utosi, anafunga mlango na dirisha, analala. Sisi tunabaki nje na njaa zetu. Akitoka, mambo ni mawili. Ama anasema alhamdulillahi, leteni chakula. Ama anachukua ngazi na kupanda tena bila ya kusema neno, na sisi tunajua wali utapoa.

Wengine wakasema ni uvivu. Wengine wakasema ana dua zake anazisoma mle. Siku moja nilimuuliza. Akaniambia paa halionekani vizuri kutoka chini wala kutoka juu, linaonekana kwa mgongo wa mtu aliyelala. Nikaona mzee anajisemea. Leo hiyo ndiyo elimu peke yake niliyobaki nayo.

Nakumbuka Msuka, kwa tajiri mmoja wa karafuu, wa kwanza mtaani kwake kutoa makuti na kutia bati. Mzee Shaame alilala mle, akatoka ameloa, akamwambia mwenye nyumba tuinue kofia ya paa, lile bati la kileleni pale juu, na tuache wazi mapengo ya chini, kati ya ukuta na bati, hewa ipite. Tajiri hakutaka, kasema nyumba yenye mapengo ni banda la ng'ombe. Tukaondoka. Tukaja kusikia kwamba kila adhuhuri tajiri na wake zake na watoto wote wanatoka nje, wanakaa upenuni, na wageni wakiuliza, wanaambiwa wanapunga upepo. Walipunga upepo mpaka msimu ukaisha. Mwisho tukaitwa kisirisiri kwenda kufungua mapengo, na tukapewa sharti la kupitia nyuma ya nyumba.

Basi shikeni hili kwanza kabla hata hatujafika kwenye foili. Joto likipanda darini halina nia mbaya. Linataka kutoka. Mnapolifungia, linatafuta njia ya chini, na chini kuna watu. Hewa iingie kwenye upenu, itoke juu kwenye kofia. Paa la makuti lilikuwa linafanya hayo lenyewe bila ya fundi kujua.

Narudi Tumbe. Nilimpa Bi Mize dawa yake, nikamuuliza nani aliezeka nyumba ile. Akasema fundi Sule. Nikauliza hakuwekewa kitu cha kuzuia joto? Akasema mwanawe alinunua karatasi ya kung'ara, mabunda mengi, ghali, na alimpigia simu kumwambia, mama, sasa utalala kama uko kwenye barafu. Nikauliza, umemwambia kwamba hulali?

Akageuka upande wa pili kama anatafuta kadibodi yake.

Nikaomba ngazi ya jirani. Bi Mize akanikataza, nikajifanya sikusikia. Darini kuna kidirisha cha kuingilia, juu ya ukumbi, na mimi nilitoa kichwa tu, maana zaidi ya pale ningekaangika. Nikawasha tochi. Nikaona kazi ya Sule yote kwa mara moja, na nikatamani nisingeona.

Foili ile ilikuwa ya uso mmoja. Upande mmoja unang'aa, upande wa pili ni nailoni nyeupe. Sule ameutazamisha upande wa kung'aa juu, kwenye bati, na ameivuta kwelikweli, imebanwa baina ya pau na bati, haina nafasi hata ya kupitisha ukucha. Chini, kumtazama Bi Mize, ameacha nailoni. Halafu amekwenda pembe zote za nyumba, pale ukuta unapokutana na paa, ameziba kwa saruji. Matundu ya hewa ya kwenye pembetatu ya ukuta, saruji. Hakuna pa kutokea hata mbu.

Sasa sikilizeni, hii ndiyo kazi yenyewe. Chukua sufuria imetoka motoni. Ukiishika, unaungua kwa kugusa. Ukisogeza uso karibu bila ya kugusa, bado unaungua, kwa sababu chuma cha moto kinatema joto hewani. Bati nalo lina njia zote mbili. Foili kazi yake ni kuvunja ile njia ya pili tu. Uso unaong'aa haupokei mtemo ule kirahisi, na wenyewe hautemi kirahisi. Lakini lazima uso huo uwe unatazama hewa. Ukiubana kwenye bati, umeugeuza kuwa sehemu ya bati. Joto linapita kwa kugusa, linafika kwenye nailoni, na nailoni inatema kama kawaida. Bi Mize alikuwa analala chini ya bati mbili.

Na ukiilaza juu ya silingi uso ukitazama juu, kama alivyofanya mmoja wa Wete nisiyetaka kumtaja, itafanya kazi msimu mmoja. Halafu vumbi linashuka, na kinyesi cha popo, na foili inakuwa nyeusi kama kaniki. Uso utazame chini. Vumbi halikai kwenye uso unaotazama chini. Acha nafasi ya kiganja juu yake, usiivute ikakaza kama ngoma, iache ilegee kidogo. Pishanisha vipande kwa kuanzia chini kwenda juu, vile vile tulivyopishanisha makuti, na shikilia kwa papi za mbao, maana msumari mtupu utaipasua. Na jamani, zimeni umeme kwanza. Ile ni madini. Ikigusa waya uliochunika, paa zima linakuwa waya.

Kanyageni mbao, msikanyage silingi. Mwenzangu mmoja hapa Kiuyu alikanyaga silingi, mguu ukatokea chini mpaka paja, na chini kulikuwa na wanawake wanamtia bibi harusi hina. Mguu ulining'inia pale ukatiwa hina nao, kwa sababu wale wanawake hawakuwa na haraka ya kumsaidia. Alikaa na ua la hina kwenye kisigino mpaka harusi ikaisha.

Nilishuka ngazi nikamtafuta Sule. Sikwenda kuuliza hali. Yeye ni mtu mzima, ana mke na watoto, ana sifa, nyumba zake zinapigwa picha. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nikamuuliza kwa nini ameutazamisha juu ule uso.

"Mzee, jua liko wapi? Liko juu. Sasa ning'arishe upande wa chini, nimmulikie panya?"

Watu waliokuwepo wakacheka, na mimi nilikuwa karibu kucheka, kwa sababu kwa masikio jambo hilo lina mantiki. Nikamuuliza na mapengo je. Akasema popo. Ni kweli, popo wadogo wale wakiingia darini wananuka vibaya mno, na Hamad alimwambia kwenye simu kwamba hataki kusikia popo. Popo wanazuiwa kwa wavu wa chuma wa matundu madogo. Popo hawazuiwi kwa kumpika mwenye nyumba. Nikamwambia hivyo. Akaniambia nyumba ishapokelewa, mwenyewe ameridhika, na kama bibi amezoea makuti, hilo si kosa la fundi.

Ndipo nikaiona pikipiki yake. Iko uani juani, amesimamisha fito nne, na juu ya zile fito ametandika foili, bunda la foili ile ile, limelegea vizuri, uso unaong'aa umetazama chini, na upepo unapita huku na huku. Nikainuka nikaenda nikaweka kiganja kwenye kiti cha pikipiki. Kimepoa kama mtungi. Nikamuuliza, Sule, mbona hapa hukuibana?

Akasema ikigusa kiti inaunguza.

Mtu yule alikuwa anajua. Hakufundishwa na mtu, amejifunza kwa makalio yake mwenyewe, kwa sababu pikipiki ile anaikalia. Chumba cha Bi Mize hakukikalia, wala hakuingia mle tangu alipomaliza kupiga msumari wa mwisho. Pikipiki ikalala kivulini na mjane wa Mzee Shaame akaungua, kwa bunda moja la foili. Nikamwambia hayo kwa sauti ambayo mkewe alitoka ndani kuja kutazama. Halafu nikaondoka, maana ningebaki ningesema mengine.

Alasiri ile nikamkuta Hamad barazani kwa mamaake. Nilimjua tangu anatambaa, na yeye ananiita ami. Alikuwa na kero zake, na kabla sijafungua mdomo akazimwaga. Majirani wanamcheka. Wanasema amejenga nyumba ya kupigia picha, mama amemlaza jikoni pamoja na kuku. Alisema ameendesha malori jangwani miaka yote ile kwa ajili ya nyumba hiyo.

"Ami, kama alitaka makuti angenambia tangu mwanzo. Mimi naona hanitaki mimi, si nyumba."

Alikuwa anasema kweli kwa moyo wake, macho yamemlegea. Nilitaka kumweleza habari za uso wa kung'aa na nafasi ya kiganja, nikaona si wakati wake. Nikamuuliza yeye analala wapi. Akasema ukumbini, milango wazi, na mchana huwa hayupo, yuko Konde na Wete kwenye mahitaji ya harusi. Nikamwambia kesho asiende popote. Baada ya sala ya adhuhuri aingie chumbani kwa mamaake, afunge mlango, avute pazia, alale mpaka nimgongee. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia babaake angemwambia vivyo hivyo.

Kesho yake akaingia. Sikupata nafasi ya kumgongea. Alitoka mwenyewe, kanzu imemshika mwili, anashikilia ukuta. Akakaa kwenye ngazi ya nyuma. Halafu akainuka akaenda jikoni, akainama kwenye kile kilango kifupi cha makuti, akakaa chini mavumbini na kanzu yake nyeupe mbele ya mamaake. Mimi nilikuwa nje nachagua makuti, na kusikia kwangu bado ni kuzima.

"Mama, kwa nini hukunambia?"

Bi Mize akasema, na hilo ndilo lililonitia uchungu kuliko mambo yote ya Sule:

"Mie nkisema nyumba hino ina moto, nitakuwa n'kunung'unikia. Na weye uko njiani na malori yako. Ukipata la kukupata huko, n'tasema nini mbele ya Mungu? N'taambiwa mamaake alimnung'unikia. Nkaona bora nilale jikoni, radhi yangu ibaki nzima."

Mmeelewa, vijana? Mama yule alikuwa anaogopa kwamba lalamiko lake litamfuata mwanawe barabarani. Basi akalimeza pamoja na dawa ya presha. Mtoto huku anadhani hatakiwi, mama kule anajipepea kwa kadibodi ili mtoto asipate ajali, na katikati yao hakuna kitu isipokuwa karatasi iliyowekwa kichwa chini. Na majirani walikuwa wanaona, na wote walikuwa wanacheka. Na fundi anasema nyumba ishapokelewa. Nani aliipokea? Iliyopokea ni simu.

Hamad alitoka jikoni anauliza nyumba ya Sule iko wapi, na alivyokuwa amekunja mikono ya kanzu nilijua haendi kupeana naye salamu. Bi Mize ndiye aliyemzuia, alimwita kwa jina lake la utotoni mara moja tu, akasimama. Nikamwambia fundi tunamhitaji mzima, mimi siwezi kutambaa darini.

Nikaenda kumtoa Sule mwenyewe. Nilijiandaa kwa ugomvi, lakini alikuwa ameshaikunja ile foili ya pikipiki na kuifunga kamba, na pikipiki imesimama wazi juani. Akalipakia bunda, nikapanda nyuma, na kile kiti kilikuwa kimoto mno, nami sikulalamika.

Tulianza alfajiri, maana darini ni kazi ya kabla jua halijachangamka, na yeyote anayewaambia mnaweza kufanya kazi mle saa sita anataka kurithi wake zenu. Ile ya juu tuliiacha ilipobanwa, kuitoa ni kung'oa bati zote. Sule alitambaa na mabunda mapya aliyonunua Hamad, lake la pikipiki likamalizia chumba cha Bi Mize, mimi nipo kwenye kidirisha na tochi, namkemea. Uso chini. Legeza. Kiganja, nimesema kiganja, hicho ni kidole. Nilimtukana kidogo pia, ya kazini, na yeye akaniitikia naam mzee kila mara. Mkono wake ni mzuri, nisimdhulumu, papi zake zilinyooka kama mstari wa sala. Tukavunja saruji yote ya upenuni, tukatia wavu wa chuma. Tukafungua matundu ya pembetatuni. Tukainua kofia ya paa. Saruji ile ilipoanguka, upepo uliingia darini na Sule akasema tu kutoka mle ndani, "Mzee, unapita."

Siku ya pili tukamaliza kabla ya adhuhuri. Hamad alikuwa ameleta pilau kutoka kwa majirani, sinia zima, na Sule akaanza kunawa mikono. Nikamwambia afute mikono yake kwanza, kula bado. Nikamgeukia Bi Mize nikamwomba mkeka.

Alinitazama. Nadhani tangu afe mumewe hakuna mtu aliyemwomba mkeka kwa sauti ile. Akaingia jikoni akatoka nao, mkeka wa zamani wa ukili mweusi na mwekundu, umeliwa pembe moja, na mimi niliujua, maana nimeubeba kichwani kwenda Msuka na Kiuyu na vijiji vingine ambavyo nimevisahau. Nikanyoosha mkono kuupokea. Hakunipa.

"Wewe una nini cha kulala mule? Hukai weye mule. Nakaa mie."

Akaingia chumbani na mkeka wa mumewe kwapani, akafunga mlango. Tukasikia anafunga na dirisha.

Tukakaa barazani sisi watatu, sinia la pilau limefunikwa mbele yetu, jua la utosi linapiga juu ya bati jekundu. Kila mmoja anasikiliza mlango ule. Hamad hakukaa, alikuwa anazunguka na tasbihi mkononi bila ya kuihesabu. Sule alinong'ona kwamba pilau linapoa. Nilikuwa na hofu ya kweli, nakwambieni, maana mlango ule ukifunguka mapema tunarudi juu, na mimi nilikuwa sina tena magoti ya kurudia.

Haukufunguka. Adhuhuri ikapita. Kuku wakarudi uani. Hamad akaenda akaweka sikio mlangoni, akarudi uso umebadilika, akakaa chini baina yetu, akafunika macho kwa mkono. Nikashtuka nikauliza kuna nini.

"Anakoroma," akasema.

Hakuna aliyegusa sinia. Adhana ya alasiri ikaanza kulia msikitini, na katikati yake mlango ukafunguka kwa nguvu. Bi Mize akatoka shungi limekaa upande, alama za ukili zimemchora shavuni, na hasira nazo ziko pale pale usoni, za mtu aliyelala akashiba.

"Alasiri inaadhiniwa na hakuna alonamsha. Na nyie mbona hamjala mpaka saa hizi?"

Hamad alicheka huku analia. Jiko la makuti halikuvunjwa, bado liko, kuku wanalala mle. Na Sule, kabla ya kunyoosha mkono kwenye sinia, alimwomba Bi Mize ule mkeka, kwa sababu ana nyumba nyingine aliyoiezeka mwaka jana, na mle ndani, alisema, kuna mtoto mchanga.